Mjadala: Aliyepunja mizani sokoni atubu tu, au arudishe?

Mleta mada, Chumbageni:
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naweka swali hili mezani tulijadili bila kuoneana haya. Mkristo anauza mchele na maharage hapa Tanga kwa mizani iliyochezewa. Siku moja anaguswa, anaitengeneza mizani, anatubu. Je, yameisha? Wapo wanaosema damu ya Yesu imefuta yote. Mimi nasema hapana, arudishe. Someni Walawi 19 yote kwa mkupuo mmoja: mstari wa 11 unakataza kuiba, wa 18 unaamuru kumpenda jirani kama nafsi yako, wa 35 na 36 unadai mizani ya haki. Ni sura moja. Mungu hakutenganisha upendo na kilo, sisi ndio tumetenganisha. Wala si neno la Wakristo peke yao katika mji huu, maana majirani zetu Waislamu wana sura nzima ndani ya Kurani, ya 83, inayoanza na ole kwa wapunjao.

Fundi mizani, Ngamiani:
Kabla hamjafika mbali, mjue wizi wenyewe unavyofanyika, kwa sababu hesabu ya kurudisha inategemea hapo. Mizani ya saa, ile ya kuning'iniza, huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni springi kuchoka. Hapo kosa huenda kwa uwiano, kilo nyingi kosa kubwa, na springi iliyolegea hurefuka zaidi, ikasoma uzito kuliko uliopo, hivyo humwumiza mnunuzi. Ya pili ni sindano kuanzia mbele ya sifuri sahani ikiwa tupu. Hiyo ndiyo ya hila. Sindano ikianzia gramu 50, kila anayepimiwa anakosa gramu 50, awe amenunua kilo tano au robo.

Sasa angalieni nani anaumia. Wa kilo tano amepoteza asilimia 1. Wa robo, gramu 250, amepoteza sehemu ya tano nzima. Na anayenunua robo mnamjua: ni yule asiyeweza kununua kilo.

Mizani ya mawe nayo ina yake. Mengi ya mawe hayo yana risasi iliyozibwa kwenye tundu chini, ya kusawazishia uzito. Ikichokolewa, jiwe linabaki na maandishi yale yale huku uzito umepungua. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kubeba mawe ya namna mbili mfukoni, kubwa na dogo. Hila hii ni ya zamani.

Mwinjilisti, Makorora:
Ndugu zangu, naheshimu hesabu zenu ila naogopa mnatupeleka kwenye kununua msamaha. Yule mwizi msalabani hakurudisha hata senti, na Bwana akamwambia leo hii utakuwa pamoja nami peponi. Zakayo, yule mtoza ushuru, naye hakuamriwa alipe mara nne, alisema mwenyewe kwa furaha. Tukimwekea mtu mzigo wa fedha mlangoni mwa kanisa, maskini aliyeiba hataingia kabisa.

Mleta mada:
Mwinjilisti, yule wa msalabani mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Huyu wetu mikono anayo, na duka analo. Na Zakayo, ingawa hakuamriwa, ahadi yake ilitangulia kabla Bwana hajatamka kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Sisemi fedha ilimwokoa. Nasema mtu aliyeokoka hawezi kuendelea kukalia kitu cha jirani yake huku jirani analala njaa.

Mhasibu wa usharika, Raskazone:
Basi tupige hesabu, tusibaki hewani. Tuseme mizani inayoanzia gramu 50 badala ya sifuri, mchele shilingi 3,000 kwa kilo, wateja 60 kwa siku. Hiyo ni kilo 3, yaani 9,000 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni 234,000. Kwa mwaka, 2,808,000. Walawi 6 inataka kiasi chote kilichochukuliwa na sehemu ya tano juu yake: 561,600, jumla 3,369,600. Kwa kipimo cha Zakayo, mara nne, ni 11,232,000.

Msiichukue mara nne kama sheria ya kila mtu. Ile Kutoka 22 inamhusu aliyeiba kondoo akamchinja au akamwuza. Akikutwa naye hai hulipa mara mbili. Aliyejisema mwenyewe kabla hajakamatwa ana kanuni ya Walawi, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa huyu.

Mwenye duka, Mabawa:
Nyote mnasema kama vile mwenye duka ndiye wa kwanza kuiba. Mfuko wa kilo 50 unafika na 48 na nusu. Nikipima haki, hasara ni yangu. Nani atanirudishia mimi?

Fundi mizani:
Malalamiko yako ni ya haki, dawa yake ndiyo siyo. Pima mfuko mbele ya aliyeuleta, usingoje ufike stoo. Kama umelipa 140,000 ukapata kilo 48.5, kilo moja imekugharimu karibu 2,887 badala ya 2,800. Shilingi 87 hizo ziweke kwenye bei. Bei mteja anaiona, anaweza kukataa akaenda duka la pili. Gramu haioni, hawezi kuikataa. Tofauti ya biashara na wizi iko hapo hapo. Martin Luther alipoeleza amri ya usiibe katika Katekisimu Kubwa, kitabu chake cha mafundisho ya imani, mwaka 1529 aliwagusa wazi wauzaji wa sokoni wenye vipimo vya uongo. Hakusema wamesamehewa kwa kuwa nao walipunjwa. (Na mlanguzi anayemshindilia mkulima wa Lushoto lumbesa ya viazi, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, yumo humo humo. Sheria ya Vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia.)

Mama wa kikundi cha akina mama, Duga:
Mnarudisha kwa nani lakini? Wateja walikuwa wapita njia.

Mhasibu wa usharika:
Si wote, mama. Aanze na daftari la mikopo, mle majina yamo. Mama ntilie wa kila asubuhi anajulikana pia. Hao waambiwe na wapewe chao mkononi. Wasiojulikana, Hesabu 5:8 inasema aliyedhulumiwa akikosekana, wala hana jamaa wa kupokea, fidia ni ya Bwana kupitia kuhani.

Mwinjilisti, Makorora:
Hapo ndipo ninapopinga zaidi. Fedha iliyotoka kwa wanunuzi wa robo isiishie kwenye ukarabati wa madhabahu. Kama ni kurudisha, Waefeso 4:28 inataja mhitaji.

Mama wa kikundi cha akina mama, Duga:
Kwa hilo niko na Mwinjilisti. Tena iko njia isiyohitaji bahasha wala kutangazwa kanisani: kwa muda ule ule aliopunja, kila anayenunua robo au nusu aongezewe gramu 60, zile 50 na sehemu ya tano yake. Wa kilo tano wapimiwe sawa tu. Na kijana aliyeajiriwa kupima asiachiwe siri hiyo peke yake, maana tajiri akiondoka dukani ni yeye atakayesimama mbele ya mteja. Kila asubuhi aoneshe sahani tupu, kisha apandishe chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa. Sindano ikisoma mbali na kilo moja na nusu na uzito mdogo wa chupa, duka lisifunguliwe mpaka fundi aje, na stika ya mwaka ya Wakala wa Vipimo ikaguliwe tena.

Mwenye duka, Mabawa:
Gramu 60 kwa mwaka mzima, kama wateja wote 60 wa siku ni wa robo na nusu, ni zaidi ya milioni tatu. Mtaji wote huo. Akifilisika?

Mleta mada:
Agawe kwa miaka mitatu. Walawi 6 inataka alipe siku ya sadaka yake ya hatia, lakini asiyenacho hawezi kulipa kwa siku moja, na wateja wenyewe wangemkubalia awamu. Asichoruhusiwa ni kuanza awamu ya kwanza mwakani.