Celica ST202 na turbo ya bei ya chini: nifunge au niache?

SipiGT (Mbale), mwenye uzi

Hamjambo wakubwa na wadogo. Naomba ushauri kabla sijatuma hela.

Nina Toyota Celica SS-II ya 1995, namba ya modeli ST202, injini 3S-GE ya lita 2, gia za mkono. Niliinunua kwa mwalimu mstaafu hapa Mbale ambaye aliitunza kama mboni ya jicho. Rangi ni ile ile ya kiwandani, viti havijachanika, na taa nne za mviringo za mbele ndizo ilizokuja nazo kutoka Japani. Naipenda gari hii, sitaki kuiuza. Na hata nikiiuza, nyingine nitaipata wapi? Tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Zilizopo ndizo hizo hizo.

Shida yangu ni mlima. Kila Ijumaa jioni napanda Kapchorwa kwa wazazi. Hadi njia panda hakuna neno, ila barabara ikianza kujikunja kuelekea Sipi, gari inaishiwa pumzi. Gia ya tatu haivuti, ya pili inapiga kelele tu. Teksi ya abiria 14 yenye dizeli ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa egzosi kusukumia injini hewa zaidi, inanipita imejaa watu na mizigo.

Nimeona mtandaoni kifurushi kutoka China: turbo aina ya T3/T4, manifoldi, intakula ya kupoza hewa, wesigeti ya kuzuia presha isizidi, mabomba na klipu zake, dola 420 bila usafiri. Bajeti yangu yote ni shilingi milioni 4. Muuzaji anasema "unafunga na kuondoka". Je, inawezekana? Aliyewahi kufanya aniambie ukweli.

Fundi_Katwe (Kampala)

SipiGT, karibu. Mimi kazi yangu ni injini na kuchomelea, na nimefunga turbo kwenye magari ambayo hayakuzaliwa nayo. Nitakuambia ninavyomwambia mteja akija na boksi lake mkononi: kununua turbo ni kupeleka posa, harusi bado haijaanza.

Hesabu hivi. Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke, kwa hiyo unataka injekta kubwa, zile za kunyunyiza petroli, na pampu yenye nguvu. Kompyuta ya gari yako haijui kama kuna turbo. Kama injini yako inapima hewa kwa sensa ya presha, ile MAP, sensa ya kiwandani inaona hadi presha ya hewa ya kawaida, na ikizidi kidogo tu inakuwa kipofu. Kwa hiyo unahitaji kompyuta nyingine au ya kusaidia, halafu mtu wa kuituni akiwa na kipimo cha mchanganyiko. Ukikanyaga chini ya busti, yaani presha inayoongezwa na turbo, unataka mchanganyiko uwe kwenye 11.5 au 12 za hewa kwa 1 ya petroli. Ile 14.7 ya gari linalotembea taratibu, chini ya busti itakuyeyushia pistoni.

Kuna mteja alinikataa nilipomwambia hayo. Alifungiwa kwingine, wakaacha injekta za zamani na kompyuta ya zamani. Gari lilikimbia vizuri sana kwa wiki mbili. Wiki ya tatu lililetwa kwangu limefungwa kamba. Nilipofungua, pistoni mbili zilikuwa zimevunjika pale kwenye kingo zinazoshika ringi, na vipande vimekwangua silinda. Ile turbo ya bei rahisi haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa nzima kabisa.

Swali moja kabla hatujaenda mbali: umepima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kushika?

Corolla_ya_Jinja (Jinja)

Tusimtishe sana ndugu yetu. Mimi nina Corolla AE111 yenye injini ya 4A-FE, nimeifungia turbo ndogo niliyotoa kwenye gari lililogongwa, natembelea busti ya psi 5 (psi ni kipimo cha presha) mwaka wa pili sasa. Kampala na kurudi kila wiki, napita Mabira bila wasiwasi. Siri ni kutokuwa na tamaa. Psi 5 si 15. Niliweka injekta kubwa na kompyuta ya kusaidia, mafuta nanunua kituo kile kile kila mara, na nikisikia injini inanoki naondoa mguu.

Fundi_Katwe (Kampala)

Corolla_ya_Jinja, wewe umefanya sawa, na angalia: injekta na kompyuta umeweka. Pia 4A-FE ina mgandamizo (hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda) wa 9.5 kwa 1. Hii 3S-GE ya SS-II imezidi 10 kwa 1. Mgandamizo ukiwa juu namna hiyo, hewa ya turbo ikiingia moto, petroli inaweza kuwaka yenyewe kabla cheche haijamaliza kazi. Huko ndiko kunoki, utasikia kama misumari inatikiswa ndani ya kopo. Kila mlio ni nyundo juu ya pistoni.

Mzee_wa_Bombo (Bombo)

Vijana, salaam aleikum. Celica ilishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, na tuliifuata redioni kama mpira wa miguu. Lakini ile haikuwa 3S-GE iliyofungiwa turbo juu juu. Ilikuwa 3S-GTE, iliyozaliwa na turbo. Toyota wenyewe walipotaka turbo walishusha mgandamizo, ile ya Celica ST185 ni 8.8 kwa 1, wakaweka vinyunyizio vya oili chini ya pistoni kuzipoza. Ikiwa kiwanda kiliona haja ya kufanya yote hayo, mwanangu usiamini boksi la dola 420 linalokuambia funga uondoke.

Ushauri wangu: tafuta injini ya Toyota Caldina GT-T, ST215. Ni 3S-GTE yenye nguvu farasi 260 kutoka kiwandani. Celica yako na Caldina ile ni ndugu wa tumbo moja upande wa injini. Kazi ya nyaya ipo, egzosi itabidi ikatwe, klachi lazima iwe nzito zaidi, lakini utaendesha kitu kilichofikiriwa na wahandisi tangu mwanzo. Na usisahau kubadilisha namba ya injini kwenye logibuku (kitabu cha umiliki wa gari), maana siku utakapouza au kusimamishwa, namba isipolingana utakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Mwalimu_Fizikia (Mbarara)

Naomba niongeze jambo ambalo naona limesahauliwa, nalo ndilo kiini cha tatizo la mwenye uzi: mwinuko.

Kiwandani walipopima farasi 180 za SS-II, walihesabu hewa ya usawa wa bahari, yenye presha ya kilopaskali 101 hivi. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, presha inakuwa karibu na 88. Kapchorwa unakaribia mita 1,900, hapo imebaki kama 80. Injini isiyo na turbo inavuta kile tu ambacho anga inampa. Kwa hiyo ukifika juu, moja ya tano ya nguvu haipo. Zile farasi 180 zimebaki 145 au chini, hata kama injini ni mpya. Teksi ya dizeli inakupita kwa sababu turbo yake inaifidia.

Sasa tazama upande wa pili. Ukiwa Kapchorwa na busti ya psi 4 tu, ambayo ni kilopaskali 28 hivi, jumla ndani ya manifoldi inakuwa 108. Tayari umeipita presha ya Mombasa. Huhitaji psi 12 kutibu ugonjwa wako. Unahitaji 4, pengine 5. Hili linabadilisha aina ya turbo ya kununua, ukubwa wa injekta, hata hatari ya kunoki.

SipiGT (Mbale), mwenye uzi

Mwalimu, nimeisoma mara tatu. Sikuwahi kufikiri kwamba nusu ya ninachokitafuta ni hewa tu. Asante sana. Mzee wa Bombo, shikamoo, injini ya Caldina naitamani ila bajeti yangu haifiki huko na nyaya na klachi. Fundi, kompresheni sijapima. Gari haitoi moshi, oili inapungua kidogo kati ya sevisi na sevisi, nilidhani ni umri.

Kama ni psi 4 au 5, ile T3/T4 bado inafaa?

Fundi_Katwe (Kampala)

Haifai, ni kubwa kwako. Turbo kubwa inachelewa kuamka. Utapanda kona za Sipi kwenye mizunguko 2,500 au 3,000, nayo bado imelala. Ikiamka, umeshafika kwenye kona unafunga breki.

Njoo Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, tutafute TD04 ya Subaru Forester iliyotumika. Uganda Subaru zimejaa, na hizo turbo ni za Mitsubishi halisi. Kwangu mimi TD04 kuukuu iliyo nzima ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikosawazishwa. Shika shafti kwa vidole: ikicheza kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida, maana beringi zake huelea kwenye oili. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, irudishe mezani. Tazama mapanga yake kama yamekwaruza nyumba ya turbo. Tia kidole upande wa moshi uone kama kuna oili iliyoganda.

Halafu bomba la kurudisha oili. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha ila inarudi kwa uzito wake tu, kama maji ya mfereji. Bomba liwe nene, literemke moja kwa moja bila kupanda popote, liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likiwa jembamba au limejipinda, oili inajaa ndani ya turbo na kupenya kwenye egzosi. Mtu anaona moshi wa buluu, anasema turbo imekufa, ananunua nyingine, nayo inatoa moshi vile vile. Sampu nitaitoa chini kabisa ndipo nichomelee, sitoboi ikiwa kwenye gari. Chembe moja ya chuma ikibaki mle ndani itafika kwenye beringi za injini.

Na kwenye Celica yako turbo itakaa mbele, karibu na rejeta na feni. Joto la pale ni kali. Tutahitaji kinga ya bati, na mipira yote ya jirani ihamishwe au ifunikwe.

Pwani3S (Mombasa)

Nawasalimu kutoka pwani. Nina ST202 pia, ndiyo maana nimeingia humu. Neno moja kwa mwenye uzi: wesigeti ya kawaida inapima busti juu ya hewa iliyopo nje. Kwa hiyo psi 5 za Kapchorwa na psi 5 za Mombasa si kitu kimoja. Huku chini jumla yake ni kubwa zaidi na hewa ni ya joto. Ukituniwa Mbale halafu Desemba ukashuka kutembelea bahari, usikanyage mpaka aliyekutunia awe ameacha nafasi ya kutosha kwenye taiming (wakati wa kupiga cheche). Mimi niliona gari la rafiki yangu likipasua gasketi ya hedi kwa safari ya namna hiyo, kutoka Nairobi, hata Voi halikupita salama.

Corolla_ya_Jinja (Jinja)

Hilo la Pwani3S sikuwa nalijua. Nitamwuliza aliyenitunia leo hii.

SipiGT (Mbale), mwenye uzi

Wapendwa, narudi na majibu. Jumamosi nilikwenda kwa makanika mmoja hapa Mbale mwenye geji ya kompresheni. Injini ilikuwa moto, plagi zote nje, pedeli ya petroli imekanyagwa hadi chini. Silinda ya kwanza psi 168, ya pili 165, ya tatu 121, ya nne 170. Akamimina oili kijiko kimoja kwenye ya tatu, akapima tena, ikapanda hadi 155.

Nilihisi tumbo linakaza. Fundi, hiyo ina maana gani?

Fundi_Katwe (Kampala)

Ina maana ringi za silinda ya tatu zimechoka, au zimeganda kwa masizi. Oili iliziba nafasi kwa muda, ndiyo maana namba ilipanda. Ingekuwa valvu, isingepanda hivyo. Na oili yako inapungua kwa njia hiyo hiyo. Kumbuka pia geji inasoma chini kidogo kwenu kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo zile 165 na 170 ni nzuri.

Ungefunga turbo juu ya silinda ile, hata psi 4 zingesukuma moshi kushuka kwenye sampu, oili ingetafuta pa kutokea, na wewe ungeilaumu turbo. Shukuru umepima. Hizo milioni 4 tuzielekeze kwenye injini: tufungue, tupime silinda, ringi mpya zote nne, gasketi ya hedi, valvu zisagwe, pampu ya maji na mkanda wa taiming. Baki ya hela iwekwe. Nina imani kwamba hata bila turbo, utaona tofauti Sipi, maana sasa hivi unapanda na silinda tatu na nusu.

Mwakani ukija na TD04, nitafungua sampu ile ile nikijua kilicho ndani.

Mzee_wa_Bombo (Bombo)

Msikilize fundi, mwanangu.

SipiGT (Mbale), mwenye uzi

Nimekubali. Kifurushi cha China nimekifuta kwenye kikapu. Fundi, naleta gari Alhamisi, nitaliendesha taratibu kupitia Tirinyi hadi Kampala, nisizidishe mizunguko 3,000. Nimeshampigia mama kwamba Ijumaa mbili zijazo nitapanda kwa teksi. Nikirudi na ringi mpya nitapima muda kutoka njia panda hadi maporomoko ya Sipi, kwa gia ya tatu, na nitaandika namba hapa hapa.