Fensi ya godauni Ahero imeanza kulala, na masika yako mlangoni

GodauniAhero: Habari zenu mafundi. Nina fensi ya chenlinki ya futi 6 kuzunguka godauni la mchele, nguzo za zege za futi 8. Udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi. Kona mbili zimeinamia ndani na wavu umelegea. Tena kwenye mtaro takataka hujaa kila mvua ikinyesha. Nikaze waya tu?

Fundi_Njoro: Usikaze kwanza, tafadhali. Kona inavutwa na pande mbili. Ukikaza ikiwa imeinama, itazidi kulala. Fungua wavu, fukua, simamisha nguzo kwa timazi, kisha iwekee mihimili miwili, yaani nguzo za mshazari za kuiegemeza, mmoja kila upande unakoelekea wavu.

Shimo liwe sentimita 75 kwenda chini, 30 kwa 30 mdomoni, na chini ulipanue hadi 40. Wengi hufanya kinyume: pana juu, jembamba chini. Udongo mweusi ukinywa maji huvimba, hulishika lile bega pana la zege la juu na kuing'oa nguzo polepole. Kwa kina hicho sehemu ya nguzo ya futi 8 inayobaki juu ya ardhi itakuwa fupi kuliko wavu wako, kwa hiyo za kona nunua futi 9. Zege karai 1 ya simiti, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Mfuko wa kilo 50 kwa kila kona, pamoja na miguu ya mihimili. Mwagilia maji siku 7 ndipo uvute wavu.

Nyando_Waya: Hapo mtaroni ndipo fensi nzima huangukia. Takataka zikiziba wavu, unakuwa bwawa, na nguzo haziwezi kuzuia mto. Kata wavu juu ya mtaro, weka kipande cha peke yake kinachoning'inia kama pazia kwenye bomba lililolazwa kuvuka mtaro, chini ukifunge kwa waya mwembamba. Maji yakija kwa nguvu, waya unakatika, pazia linainuka, nguzo zinabaki. Baada ya mvua unafunga upya.

GodauniAhero: Asanteni sana. Nguzo za katikati zina nyufa ndogo, nizibe kwa simiti?

Fundi_Njoro: Angalia ufa umelalaje. Ukifuata urefu wa nguzo na una doa la kahawia, nondo ya ndani imeshika kutu, inavimba na kulipasua zege. Hiyo badilisha, kuziba ni kuficha tu. Ule mwembamba usio na doa, ziba sasa, kabla maji hayajaingia.