Mbwa yuko siku ya 5 ya fenobabitali, anayumba na bado ameanguka. Niache dawa?

kamba_ndefu
Wakuu, naomba msaada. Mbwa dume, miaka 3, kilo 20. Ndani ya miezi 2 ameanguka kifafa mara 3, kila mara kama dakika 2: anakakamaa, miguu inapiga kama anaogelea, povu, mkojo unamtoka. Daktari wa mifugo kampa fenobabitali ya miligramu 30, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Leo siku ya 5 miguu ya nyuma inayumba, anakunywa maji bila kukoma, na usiku kaanguka tena. Dawa imemkataa? Na akianguka nifanyeje?

mizani_ya_jikoni
Usiache. Fenobabitali ikikatwa ghafla, yenyewe inaweza kuleta vifafa vya mfululizo, vibaya kuliko vya mwanzo.

Miligramu 60 kwa kilo 20 ni 3 kwa kila kilo, kipimo cha kawaida cha kuanzia. Ila dawa hii hupanda kwenye damu polepole, inachukua kama wiki 2 kutulia, kwa hiyo kifafa cha siku ya 5 hakikuambii kitu. Kuyumba kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Kiu na njaa huweza kubaki.

Siku ya 14 apimwe kiwango cha dawa kwenye damu. Kinachotafutwa mara nyingi ni miligramu 25 hadi 30 kwa lita. Ikipita 35, ini liko hatarini. Dozi huongezwa kwa majibu hayo, si kwa sababu kaanguka tena jana. Na saa zisichezewe: ukimpa saa 1 asubuhi, jioni iwe saa 1. Ukisahau, mpe ukikumbuka, lakini usimpe dozi mbili kwa mpigo.

Saa_Mkononi
Akianguka, kwanza tazama saa. Dakika 2 huonekana kama 10. Ondoa vitu vya kumgonga, zima taa, mkono usiingie mdomoni: mbwa hamezi ulimi, ila atakung'ata bila kujua. Ikipita dakika 5, au akianguka mara 2 ndani ya saa 24, ni dharura. Joto la mwili linapanda na ubongo unaumia.

Mwombe daktari diazepamu, dawa ya kukatisha kifafa, ya kuweka kwa njia ya haja kubwa. Huanzia miligramu 1 kwa kilo, yaani 20 kwa huyu. Kwa ile ya sindano yenye miligramu 5 kwa mililita ni mililita 4, kwa sirinji isiyo na sindano. Usiivute mapema ukaiweka kwenye sirinji: diazepamu hunata kwenye plastiki, siku ya siku utakuta imepungua nguvu. Iache kwenye chupa yake, mbali na mwanga.

mkia_chini
Mmerukia dozi, sawa, ila je, ni kifafa kweli? Umri unalingana: kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana huanza kati ya miezi 6 na miaka 6. Hata hivyo sukari, kalsiamu na ini vipimwe, na sumu ya kuulia wadudu iulizwe. Mrekodi video pia. Anayezimia kwa moyo hulegea, kisha huinuka haraka kama hakuna kitu. Wa kifafa huzunguka ameduwaa, anagonga kuta, pengine hata haoni.

Mwenye paka asinakili haya. Bromidi ya potasiamu, ambayo mbwa huongezewa fenobabitali ikishindwa, humharibu paka mapafu, na diazepamu ya kunywa inaweza kumuua ini.

kamba_ndefu
Asanteni. Chakula nimemwongezea maana anaomba mno. Kuna ubaya?

mizani_ya_jikoni
Rudisha kipimo cha zamani. Hiyo njaa ni ya dawa, na akinenepa hesabu ya miligramu kwa kilo inavurugika. Mpime uzito kila mwezi, mizani ileile, umwambie daktari.