Kubadilishwa goti: mlichokiogopa kabla na mlichokikuta. Ndugu wa Lamu na Malindi, tupeane uzoefu

Binti wa Mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum. Mamangu amepewa tarehe ya kubadilishwa goti la kulia, Mombasa. Eksrei imeonyesha gegedu limekwisha, mfupa unasagana na mfupa, na vidonge na sindano za gotini hazimsaidii tena. Uamuzi tumeshaukubali. Kinachotusumbua ni maswali anayoniuliza kila usiku na mimi sina la kumjibu. Je, nitahisi wakinipasua? Nitaweza kusujudu? Ngazi za nyumba hii nitazipandaje? Goti lenyewe litadumu miaka mingapi? Mliofanyiwa, au mliouguza mzazi, tuelezeni hata yale yasiyopendeza. Mama si mtu wa kufichwa.

Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi nimefanyiwa la kushoto. Hofu yangu ilikuwa moja: nitalazwa usingizi nisiamke. Daktari wa ganzi alinijia wodini siku moja kabla, akavuta kiti, tukazungumza mpaka nikaridhika. Wengi hawapewi nusukaputi kamili. Ni sindano ya mgongoni, kuanzia kiunoni kushuka chini hakuna unachohisi, na juu yake wanaongeza dawa ya kukusinzisha. Mwambie mama mapema kwamba huenda akasikia kwa mbali mlio wa msumeno na nyundo. Haumi, ila ukiusikia bila kutarajia unashtuka. Kama hataki kusikia kabisa, aseme kabla hawajaanza, wana njia.

Pili, aelewe hasa kinachofanyika, maana mitaani watu husema goti linang'olewa lote. Sivyo. Wanapunguza ncha ya mfupa wa paja na ya muundi pale palipolika, wanazivika chuma, kisha katikati wanaweka plastiki ngumu iteleze. Kazi yenyewe ni saa moja hadi mbili. Nilipochorewa hilo kwenye karatasi, moyo ulitulia.

Sasa maumivu. Sitaki kumdanganya mama yako. Mimi yalinishika vibaya wiki za mwanzo, hasa usiku. Goti linavimba, linawaka moto, na weusi wa damu unateremka hadi kwenye kifundo cha mguu. Na katika hali hiyohiyo wanakusimamisha na woka (fremu ya kushikilia unapotembea), siku ileile au kesho yake, wanakuambia kunja, nyoosha, kunja. Nilimwona yule mtaalamu wa fiziotherapia kama adui. Kumbe goti usipolikunja wiki hizo, nyama zinashikana ndani na baadaye ni taabu kulirudisha. Ameze dawa kwa saa zake, asingoje maumivu yapande kwanza, na ameze kabla ya mazoezi. Barafu aifunge kwenye kitambaa. Mguu auinue.

Bibi wa Shela

Hili la kusujudu naomba nilijibu mimi, kwa sababu ndilo lililoniliza.

Goti hili linakunja vizuri kwa kutembea, kukaa kitini, kupanda ngazi. Wengi wanafika kama digrii 110 hadi 120. Kikao cha tahiyatu kinataka zaidi ya hapo. Kupiga goti sakafuni madaktari wengi hawakukatazi mshono ukishapona, lakini wengi wetu hatupendi: mahali pale panahisi vingine, na ngozi ya pembeni mwa mshono inabaki na ganzi. Yangu bado ina ganzi upande wa nje.

Mimi naswali kwenye kiti. Mwanzo niliona kama nimenyang'anywa kitu. Msikitini kwetu tukakumbushwa hadithi ya Imran bin Husayn: swali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Na ukweli ni kwamba kabla ya upasuaji nilikuwa siwezi hata kusimama rakaa nne. Sasa nasimama zote, sujudu ndiyo ya kitini. Muulize mama leo, kabla ya kwenda, kama hilo ataliridhia. Ni bora alie sasa kuliko alie huko wodini.

Na choo, mwanangu. Kama chenu ni cha kuchuchumaa, mwiteni fundi seremala awatengenezee kiti chenye tundu, kirefu kidogo kuliko kawaida, chenye pa kushika pande zote mbili. Mkifanye kabla hajarudi.

Kijana wa Barani (Malindi)

Baba yangu ni mgema. Alifanyiwa akiamini atarudi kupanda minazi. Hakuna aliyemuuliza anategemea nini, na yeye hakusema, akidhani kila mtu anajua. Goti halikuharibika, anatembea hadi sokoni na kurudi, lakini moyoni anaona ameonewa. Iliniuma sana kumwona hivyo. Mgonjwa aseme kazi yake kwa daktari, kwa jina: nagema, nalima, nashuka majini, natwanga. Aambiwe wazi lipi litawezekana na lipi basi.

Na wapo, karibu mmoja kati ya watano, ambao hawaridhiki baadaye, wengine maumivu yanabaki. Waulize pia kama wameikagua nyonga na mgongo. Nyonga mbovu hupeleka maumivu gotini.

Kuhusu kudumu: kwenye nchi zinazoweka daftari la wagonjwa hawa, karibu magoti 8 kati ya 10 bado yako mahali pake baada ya miaka 25. Hapo mama asiwe na wasiwasi sana.

Muuguzi wa Zamani

Nimefanya kazi wodi ya upasuaji. Wadudu kuingia kwenye goti jipya ni jambo la nadra, kama mtu mmoja kwa mia, lakini likitokea ni kazi kubwa. Mengi ya kulizuia yanafanyika nyumbani. Kama ana sukari, apime kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na aishushe kwanza. Jino bovu litibiwe. Aangaliwe miguu, hasa katikati ya vidole, kama kuna fangasi au mchubuko. Asijinyoe goti kwa wembe. Anayevuta sigara aache. Dawa zote azibebe kwenye mfuko azionyeshe, za kuyeyusha damu na za mitishamba pia.

Mama zetu wa Lamu hupenda kwenda safarini wamejipamba. Hina nyeusi na piko kucha za mkononi aziache safari hii. Kile kibano cha kidoleni kinachopima hewa ya damu kinaweza kushindwa kusoma.

Baada ya upasuaji atapewa sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda mguuni. Azimalize. Shavu la mguu likivimba na kuuma, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akihema kwa shida au kifua kikimchoma, ni dharura, msingoje kupambazuke. Mlio kisiwani, mjue tangu sasa ni boti ya nani mtaipigia simu usiku wa manane.

Nahodha wa Mokowe

Msimrudishe Lamu haraka. Barabara ya Mombasa hadi Mokowe ni ndefu na kukaa mguu umekunjwa si kuzuri kwake. Kama kuna jamaa Mombasa, akae mpaka daktari aruhusu safari, na njiani msimame Malindi na Witu anyooke. Kwenye boti, ulizeni maji. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka kupita kawaida, maji yakitoka zile ngazi za gati zinabaki ndefu na zina utelezi wa mwani. Njooni maji yakijaa, boti inakuwa karibu sawa na gati, vijana wawili wanampokea bila kumbeba.

Mwalimu Mstaafu

Ngazi za nyumba: kupanda aanze na mguu mzima, kushuka aanze na mguu mgonjwa. Afundishwe huko huko hospitali, na wewe usimame karibu uone. Kama chini kuna chumba, alale chini kwanza.

Binti wa Mkomani

Allah awalipe. Nimemsomea yote. La kiti cha swala alinyamaza kidogo, akasema "nitaridhia". Anauliza jambo moja: yeye hulalia ubavu, je ataweza? Na aweke mto wapi?

Muuguzi wa Zamani

Ataweza, daktari wake akisharuhusu, mto ukae katikati ya magoti. Akilala chali, mto usiwekwe chini ya goti hata kama anaona raha, litazoea kujikunja na kunyooka litakataa. Uwekeni chini ya kisigino.