Mama kazibwa mshipa kichwani, kipimo cha miezi 6 ni lazima?

Binti Ujiji: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama yangu, miaka 58, alitibiwa Dar. Mshipa wa damu kwenye ubongo ulikuwa umetuna kama puto, madaktari wanaita aneurizimu, milimita 17. Alhamdulillah karudi anatembea, na asubuhi hii yuko uani anaanika dagaa. Sasa karatasi yake inasema arudi baada ya miezi 6 kupigwa picha, naye hataki kusikia: "Nimepona, nauli ya nini?" Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na tutakwenda wawili. Nimsikilize? Au apigwe CT ya karibu tu, ile picha ya eksirei ya kompyuta?

Fundi Picha: Pole dada. Walifungua fuvu wakabana kwa klipu, au walipitia pajani wakajaza koili?

Binti Ujiji: Pajani. Kichwani hana kovu.

Fundi Picha: Basi msiiruke hiyo picha, nakuomba. Koili ni nyuzi laini za platinamu zilizosokotwa ndani ya ule uvimbe. Damu inazisukuma kila moyo unapopiga. Uvimbe ukiwa mkubwa, kuanzia milimita 10, ni rahisi zaidi zishindiliwe upande mmoja na damu ianze kuingia tena, na mgonjwa asihisi chochote. CT haitakusaidia: platinamu inatoa miale myeupe palepale unapotaka kupaona. Kwa kawaida hutumika MRI ya mishipa, yaani picha ya mashine ya sumaku, au angiografia, ile ya kupitisha mrija mwembamba na dawa ya rangi ndani ya mishipa. Na hiyo ya miezi 6 ni ya kwanza tu, zipo za miaka ya mbele.

Baba Wawili, Tabora: Mwanangu, mke wangu alibanwa klipu. Yeye walimpiga CT ya mishipa yenye dawa ya rangi, wakapima figo kwanza. MRI walikataa mpaka waione kadi ya klipu, maana baadhi ya zile za zamani za chuma huvutwa na sumaku. Kadi ya mama itafute hata kama ni ya koili. Beba na CD ya picha za mwanzo, wanalinganisha. Na piga simu kabla ya kukata tiketi! Sisi tulikuta mashine mbovu, tukakaa siku 9 kwa shemeji.

Fundi Picha: Dawa za presha asiache. Kichwa kikimuuma ghafla kama kinapasuka, au kope ikalegea, hospitali saa hiyohiyo, msisubiri tarehe.

Binti Ujiji: Nimemsomea yote. Kanyamaza, kisha kauliza kama ataingia na kanga yake.

Fundi Picha: Watampa gauni. Hereni na pini za nywele avue, ubaki nazo wewe.