Naomba ushauri: mji ulio kwenye cheti cha mzee haupo kwenye fomu

Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Mzee wangu alisomea ufundi wa mashine Ujerumani Mashariki miaka ya 1980. Cheti chake, kilichokunjwa hadi mkunjo ukatoboka, kina mhuri wa Karl-Marx-Stadt. Sasa namjazia fomu mtandaoni ya kuomba nakala, na orodha ya miji haina jina hilo.

Nimechimba. Kumbe ni Chemnitz, jina la mto wake, lenye asili ya lugha ya Wasorbi (kabila la Kislavi la mashariki mwa Ujerumani), maana yake kijito cha mawe. Mwaka 1953 serikali ikaubandika jina la Karl Marx, yule mwanafalsafa wa ukomunisti, ambaye wala hakuzaliwa huko (kwao ni Trier!). Mwaka 1990 wakazi wakapiga kura, kama robo tatu wakataka jina lao la zamani. Sanamu ya kichwa cha Marx, zaidi ya mita 7, bado ipo katikati ya mji.

Je, nichague Chemnitz kisha nieleze kwenye maelezo ya ziada? Na mkalimani aache jina gani kwenye tafsiri? Mzee kagoma: "Andika nilikosoma." Aliyewahi kupitia hili anisaidie.