Tupeane uzoefu: Jiko lako la gesi limewahi kukutenda nini?

Mkazi wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Nina hasira kidogo, nivumilieni.

Jiko langu la plate nne lenye oveni lina miaka sita. Wiki mbili hizi plate kubwa ikaanza kutoa moto wa njano, masufuria yanatoka meusi tii utadhani tunapikia kuni. Mke wangu akasema gesi ya safari hii imechakachuliwa. Mimi nikaita fundi. Kaja, kachungulia, kavuta pumzi ndefu, "nozeli imekufa hii mzee wangu" (kale kadude kenye tundu dogo linalotoa gesi kwenye plate), elfu thelathini na tano. Nikatoa. Siku mbili moto wa bluu, siku ya tatu njano tena.

Leo nikasema liwalo na liwe, nafungua mwenyewe. Nakuta kile kifuniko cha juu cha plate kimekaa upande, hakijaingia kwenye vijino vyake, na vitundu vya pembeni vimejaa uji wa ulezi uliowahi kufurika, umekauka umekuwa saruji. Nimeloweka kwenye maji ya moto na sabuni, nimechokonoa kwa njiti ya meno, nimeanika juani mpaka pakavu kabisa, nimerudisha. Bluu! Shilingi sifuri.

Haya, kila mtu aseme yake. Jiko limekutenda nini, na ulijinasuaje?

Mama Pacha
Elfu thelathini na tano ya kuvuta pumzi. Pole baba.

Chuma Ulete
Uji wa ulezi ni adui wa taifa. Nimemaliza.

Shangazi wa Ukonga
Umenikumbusha jambo ambalo huwa silipendi.

Mtungi wa kilo 15 uliniishia saa moja usiku, maji ya ugali yako jikoni, watoto wanalia njaa. Nikampigia kijana wa bodaboda anayetuletea siku zote. Akaja mbio, akatoa ule mtupu, akaweka mpya, akabana regyuleta ikalia "klap", akachukua hela yake huyoo. Harufu niliisikia. Ila nikajiambia ni ile ya kubadilisha mtungi, si huwa inatoka kidogo halafu inaisha? Nikabonyeza spaki.

Plate iliwaka kama kawaida. Halafu nikasikia "fuuu" nyingine, si juu, ni chini, miguuni pangu. Kuangalia, moto umeizunguka shingo ya mtungi kama kilemba. Jamani, niliganda. Mwiko mkononi, macho yameganda pale pale, nawaza kitu kimoja tu cha kijinga: ugali utaungua. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyembeba mdogo wake akatoka naye nje, akaita jirani. Yule baba wa watu, Mungu amzidishie, alivuta taulo kwenye kamba, akalichovya kwenye ndoo, akalizungushia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaingia akazima regyuleta. Moto ukakatika pale pale. Dakika mbili hazikufika, ila mimi nilizeeka.

Kesho yake tukaambiwa mdomo wa mtungi ule haukuwa na kile kipete cheusi cha raba. Kumbe regyuleta ilikuwa imekaa tu juu, haijaziba kitu. Tangu siku hiyo mtungi mpya ukija, nauchungulia mdomoni kwa tochi kama daktari wa meno kabla haujafungwa. Kijana wa boda ananicheka. Acheke.

Mama Pacha
Nimesoma huku nimeshika kifua. Hiyo ya "itaisha yenyewe" tunaifanya wote.

Mzee wa Kiberiti
Poleni, lakini mnaogopa kupita kiasi. Mimi nikifunga mtungi napitisha kiberiti kilichowaka pale kwenye maungio. Kama panavuja kanawaka kamoto kadogo, nakazima, nakaza. Mwaka wa ishirini huu, ndevu zangu zote zipo.

Chuma Ulete
Mzee wangu, shikamoo. Ndevu zako zina malaika wao.

Fundi Majiko
Marahaba zikifika tumwambie ukweli mzee. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikatokea dirishani, inashuka sakafuni, inalala chini ya kabati, inajikusanya kimya kimya. Wewe unapitisha kiberiti shingoni kumbe bwawa lenyewe liko miguuni. Ndicho kilichompata dada wa Ukonga. Tumia povu la sabuni: paka kwenye maungio na mpira wote, palipo na uvujaji patachemka mapovu. Sabuni ya kipande tu, ile ya kufulia.

Na ukikuta harufu nzito ndani usibonyeze chochote, hata swichi ya taa. Usiwashe feni ati utoe hewa. Funga mtungi, fungua milango, toka nje, ukiwa nje ndio upige simu. Zimamoto ni 114.

Mzee wa Kiberiti
Mafundi wa siku hizi mnaishi kwa kutisha watu mpate kazi.

Fundi Majiko
Mzee, sabuni siuzi.

Kijana wa Nakuru
Huku kwetu mtungi ni wa 6 ama wa 13, na meko iko kila bedsita. Yangu ni fupi: nilikopa regyuleta ya hoteli ya rafiki nikaweka kwa kuka ya nyumba. Moto ulifika kwa kabati la juu. Zile za hoteli ni za presha kubwa, si za jiko la nyumbani. Mwenye nyumba alikata deposit yote ya kupaka rangi.

Mkazi wa Tabata
@Kijana wa Nakuru "kuka" ndiyo jiko lenyewe?

Kijana wa Nakuru
Eeh, jiko lenyewe. Jiko kwetu ni la makaa.

Binti wa Mlandizi
Mimi langu lilitokea mbele ya washenga. Mwaka juzi, mdogo wangu analetewa mahari. Nyumbani kwetu tuna jiko kubwa la oveni, ila mnajua wenyewe oveni za Kiswahili: ni kabati la masufuria na mikate isiliwe na mende. Haijawashwa tangu inunuliwe. Shangazi yetu siku hiyo akatangaza kuku hawakaangwi, wanaingia oveni, "wajue wanaoa wapi".

Sasa jikoni kulikuwa na harufu wiki tatu nzima. Mama anasema gesi, baba anasema ni dagaa wa jirani. Tumepaka sabuni kwenye regyuleta asubuhi na jioni, hakuna hata povu moja. Siku yenyewe tukatoa masufuria, shangazi akawasha oveni, kuku wawili wamepakwa viungo wanasubiri zamu. Washenga wako sebuleni wanakunywa juisi, mazungumzo yamefika pale pa mkaja wa mama...

Ngojeni mtoto ananiita.

Chuma Ulete
Mtoto gani tena saa hizi! Mlazeni!

Mama Pacha
Nimevuta kigoda.

Mpemba wa Leicester
Wakati tunangoja. Mimi nilipakia jiko zuri kabisa kwenye kontena, zawadi ya mama, Wete. Kaka akalifunga kwenye mtungi, kuwasha, moto mrefu wa njano unalamba ukuta. Kumbe huku Uingereza majumbani wengi tunatumia gesi ya bomba, na nozeli zake matundu yake ni makubwa kuliko yanayotakiwa kwa gesi ya mtungi. Ikabidi ninunue seti nzima ya nozeli ndogo nimpe mtu anayekwenda. Tano tu, zinaenea kwenye kiganja, lakini jiko lilikaa miezi minne limefunikwa shuka kama maiti. Anayetuma jiko atazame kwanza kibandiko cha nyuma, kinasema ni la gesi gani.

Mwana Kusini
Ndiyo maana nasema tutumie gesi yetu ya Mtwara, hii ya mitungi ni ile ile tu wanatuuzia ghali.

Fundi Majiko
Si ile ile. Ya Mtwara na Songo Songo ni ya bomba, nyepesi kuliko hewa. Ya mtungi inakuja na meli. Jiko la hii ukilifunga kwenye ile bila kubadilisha nozeli ndiyo hayo ya Wete.

Mwana Kusini
Gesi ya Songo Songo imefika Dar tangu 2004, bomba la Mtwara 2015. Mimi niko huku huku inapochimbwa na nanunua mtungi. Nozeli siyo shida yangu.

Mama Pacha
Siasa pelekeni kule. BINTI YUKO WAPI?

Binti wa Mlandizi
Nimerudi. Basi, dakika kama tano hivi, ikaanza harufu. Siyo ya gesi wala ya kuku. Nywele! Kama saluni wanaponyoosha nywele kwa chuma cha moto. Shangazi anafungua mlango wa oveni, haoni kitu. Anafunga. Ndani ya ukuta wa jiko kunaanza kukwaruza, kra kra kra, halafu kwa nyuma akachomoka panya mama, mkubwa kama kiatu cha mtoto, kamng'ata mwanawe mdomoni, akakata kona, moja kwa moja SEBULENI.

Mshenga mkuu, mzee wa kanzu na koti, alipanda juu ya kochi na viatu. Bahasha ilianguka. Baba yangu, kwa aibu, anasema "karibuni, karibuni", kama vile panya ndio kwanza amebisha hodi.

Sasa sikieni. Kaka akazima oveni, akalivuta jiko kutoka ukutani atafute waliobaki. Lile sufi la kuzuia joto lililoko ndani ya ukuta wa jiko wameligeuza kiota. Na mpira wa gesi, ule upande wa nyuma ambao hatukuwahi kuupaka sabuni, una meno! Sehemu tatu. Ukisogeza sikio unasikia "ssss" jembamba kama mtu ananyonya meno. Wiki tatu tunapaka regyuleta, mama alikuwa sahihi, na oveni ilikuwa inawaka nusu mita kutoka pale.

Chuma Ulete
Niko kwenye daladala nimecheka peke yangu, kondakta kaniuliza kama nina nauli.

Shangazi wa Ukonga
Mimi sikucheka. Mwili umenisisimka kwenye hiyo "ssss".

Mama Pacha
Mahari ilipokelewa??

Binti wa Mlandizi
Ilipokelewa. Kuku walikaangwa.

Njombe Baridi
Nani anajua hili: mwezi wa saba huku asubuhi moto unakuwa mdogo kama wa mshumaa na mtungi bado mzito. Naulaza chini, unarudi.

Mzee wa Kiberiti
Weka kwenye beseni la maji yanayochemka.

Fundi Majiko
Usiulaze! Ndani ni maji maji, yanayotakiwa kutoka ni mvuke. Ukiulaza yanaingia kwenye regyuleta na mpira, siku moja plate itakutemea moto. Na asiuchemshe mtu mtungi. Baridi ikiwa kali gesi inachelewa kugeuka mvuke, ndiyo sababu moto unalegea. Uweke mahali pasipo na upepo, subiri jua.

Njombe Baridi
Jua la Njombe mwezi wa saba. Sawa fundi.

Mama Pacha
Mtungi ukikaribia kuisha kwangu harufu inazidi. Ni kweli au ni kichwa changu?

Fundi Majiko
Ni kweli. Gesi yenyewe haina harufu, wanaiwekea dawa ya kunuka makusudi, na hiyo dawa inabaki nyingi chini mtungi ukielekea mwisho. Lakini usijizoeze kusema "unaisha huo". Paka sabuni kwanza.

Chuma Ulete
Fundi, oveni yangu inawaka nikiwa nimekandamiza kitufe, nikiachia inazima. Nimekuwa nikipika keki nimeshika kitufe dakika arobaini. Mke wangu ananiletea chai pale pale.

Fundi Majiko
Hahaha. Pale penye moto wa oveni kuna kijiti cha shaba kama msumari, kazi yake ni kuhisi joto. Kikihisi moto upo kinaacha gesi ipite. Kikiwa na masizi au kimepinda nje ya moto, kinadhani umezima, kinakata. Funga mtungi, jiko likiwa limepoa kifute kwa msasa laini kidogo tu, kirudishe kiguswe na moto. Ukiwasha, kandamiza sekunde kumi hivi ndipo uachie. Ikigoma, kijiti kimekufa, kinauzwa chenyewe. Ila usikifunge kwa waya ati kisikate. Nimeshawakuta waliofunga.

Chuma Ulete
Nilikuwa nimeshika waya mkononi.

Mzee wa Kiberiti
Haya fundi, hilo la kijiti umeongea. Na nozeli tunachokonolea nini? Mimi sindano ya cherehani.

Fundi Majiko
Sindano nene inatanua tundu mzee, moto unageuka njano moja kwa moja. Uzi mmoja wa waya kutoka kwenye brashi ya chuma unatosha. Na stilwaya isiguse vitundu, nyuzi zake zinakatikia humo humo.

Mkazi wa Tabata
Wakuu, baada ya hadithi ya panya nimeshindwa kulala, nimelivuta jiko langu ukutani saa nne hii ya usiku. Nimekuta: vijiko vitatu, soksi moja, bamia lililokauka, na mpira wa gesi uliochapwa 2013. Jiko nililinunua jipya miaka sita iliyopita, kwa hiyo huo mpira fundi fulani aliniwekea wa mtumba. Hauna meno ila ukiukunja unapasuka pasuka kama kisigino.

Nimefunga mtungi. Kesho asubuhi chai ya mkaa. Fundi Majiko, nicheki pembeni, na tafadhali usivute pumzi kwanza.